Kwa Nini "Ile Hela" Haichuji

Ujumbe wenyewe ni mfupi: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Hauna salamu, wala hausemi hela ipi. Tanzania nzima tumeupokea, na wengi tunaufuta huku tukicheka. Kilichoniganda ni kwa nini matapeli hawajaubadilisha miaka yote hii. Mwanamke mmoja, wakala wa huduma za fedha karibu na soko la Mwika, ana jibu: hawajaubadilisha kwa sababu unafanya kazi.

Anasema Mwika kila mtu ana "ile hela" yake. Mama aliyeleta mikungu ya ndizi mshare anadaiwa nauli ya gari. Kuna mchango wa msiba, marejesho ya vikoba, ada ya mjukuu aliye Arusha, ng'ombe aliyelipiwa nusu. Tapeli hajui hata moja kati ya hizo, wala hana haja ya kujua. Akitaja ada, amewakosa wasio na mwanafunzi. Akitaja kiasi, ameshtukiwa. Basi ananyamaza, na anayeupokea ujumbe anajaza mwenyewe.

Lakini kinachomkera wakala huyu zaidi ni hilo "jina litakuja". Kabla hujathibitisha muamala, simu hukuonyesha jina la mpokeaji ili usikosee. Tapeli ameigeuza kinga hiyo kuwa ushahidi wake: alisema litakuja jina la fulani, na kweli limekuja! Laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Majina bado yanakuja, na moja linaweza kuwa lako. Ukibonyeza *106# unaweza kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni wangapi pale sokoni wamewahi kuibonyeza?

M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na watoto walioko mjini wakaacha kusubiri basi la kumpa dereva bahasha. Bahasha ilikuwa haina namba ya siri. Leo wazee humkabidhi wakala simu na kumnong'oneza namba hiyo, jambo linalokatazwa, naye angependa asiijue. Sina moyo wa kuwalaumu. Macho yamechoka na maandishi ni madogo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, anauliza: hela ya nini, na umempigia mwenyewe? Wengi hurudi nyumbani na fedha zao. Kamisheni yake hutokana na miamala, si na ile aliyoizuia.

Halafu kuna mzee ambaye ujumbe wake ulikuwa wa kweli. Kijana wake alikuwa amebadilisha laini, akaandika kwa mkato vilevile, na simu haikupokelewa. Wakala akakataa kutuma. Ada ikachelewa. Mzee huyo sasa anahudumiwa kibanda cha pili, ambako haulizwi kitu.