Viwanja Vitupu vya Boston: Nani Alitoa Fedha ya Kwanza?

Mfanyabiashara anayenunua kiwanja katika mtaa uliochakaa hutegemea kwamba bei itapanda kabla mtaji wake haujaisha. Mara nyingi haipandi. Kila mwenye kiwanja anamngoja jirani aanze kujenga, na benki inawangoja wote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Dudley Street, eneo la Roxbury katika jiji la Boston, Marekani, na hadi leo kisa cha mtaa huo kinatajwa kila panapozungumzwa mashirika yasiyotafuta faida na ufufuaji wa mitaa ya mijini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu theluthi moja ya ardhi ya Dudley ilikuwa tupu, viwanja vipatavyo 1,300. Benki zilikwishaacha kukopesha huko. Baadhi ya wenye majengo waliyatia moto wenyewe ili wadai bima, na usiku malori yalifika kumwaga taka mahali palipokuwa nyumba.

Mwaka 1984 mfuko wa hisani wa Boston uitwao Riley ulitaka kusaidia. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida: kamati ya wataalamu na mashirika, wakazi wakipewa viti vichache. Katika mkutano wa hadhara wa mwaka 1985 wakazi waliukataa waziwazi, wakauliza ni nani aliyewateua hao wa kuwasemea. Mfuko ulikubali kuubadili. Bodi ikawa na wakazi wengi kuliko wageni, na Wamarekani weusi, Walatino, watu wa asili ya Cape Verde na wazungu wakapewa viti sawa. Kwa mwekezaji jambo hilo laweza kuonekana la siasa tu, lakini bila hilo hatua iliyofuata isingewezekana, maana hakuna jiji linalotoa ardhi kwa kamati isiyo na watu nyuma yake. Kazi ya kwanza ya chombo hicho, Dudley Street Neighborhood Initiative, ilikuwa ndogo na ya kuonekana: mwaka 1986 kilipiga kampeni dhidi ya utupaji taka hadi vituo haramu vikafungwa.

Tatizo kubwa lilikuwa ardhi. Katikati ya mtaa kulikuwa na eneo la pembetatu la ekari 60 hivi, na nusu yake ilikuwa tupu. Sehemu ya viwanja hivyo ilikuwa mali ya jiji na sehemu ni ya watu binafsi, wengine hawajulikani walipo. Vilichanganyikana kama visanduku vya ubao wa drafti, kimoja cha jiji, cha pili cha mtu. Hakuna mjenzi anayeweza kupanga nyumba 30 kwa mtindo huo. Mwaka 1988 mamlaka ya mipango ya jiji ikakubali jambo ambalo halijapata kufanyika Marekani: ikalipa shirika la wakazi uwezo wa kutwaa viwanja vitupu kwa manufaa ya umma, kwa kulipa fidia. Nyumba zenye watu hazikuguswa.

Fidia inataka fedha taslimu. Benki haikopeshi kwa kiwanja kitupu katika mtaa ambao yenyewe imeukimbia. Hapo ndipo Ford Foundation ilipoingia, mwaka 1992, kwa dola milioni 2. Fedha hizo zilikuwa mkopo wa masharti nafuu, wala si sadaka, na ndilo jambo ambalo wengi hulikosea wanapozungumzia mashirika ya aina hii. Kazi yake ni kukaa mahali penye hatari kubwa kuliko zote, mwanzoni kabisa, ili anayefuata apate kitu cha kushika. Viwanja vilipokwisha kuunganishwa, jiji na serikali ya jimbo zikatoa ruzuku ya ujenzi, kisha benki zikaja. Nazo zilisukumwa: sheria ya mwaka 1977 inazitaka zikopeshe pia katika mitaa zinakokusanya akiba, na mwaka 1992 tawi la benki kuu la Boston lilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba waombaji weusi na Walatino walinyimwa mikopo ya nyumba zaidi ya wazungu wenye hali ya fedha iliyofanana nao.

Ardhi yenyewe haikuuzwa. Inashikwa na chombo tanzu, Dudley Neighbors, na mwenye nyumba hupewa hati ya miaka 99, muda ambao msomaji wa Tanzania anaufahamu vizuri. Sababu yake inaonekana kwa hesabu ya mfano. Tuseme nyumba inagharimu dola 140,000 na mnunuzi anakopesheka 90,000. Pengo la 50,000 linazibwa na umma. Kama baada ya miaka 5 akiuza kwa bei ya soko, tuseme 170,000, ruzuku yote imeingia mfukoni mwake, na mnunuzi mwingine mwenye kipato kilekile sasa ana pengo la 80,000. Kwa hiyo hati inaweka kikomo cha bei ya kuuzia. Mwenye nyumba anapata alichokwisha lipa na ongezeko dogo. Anayetafuta faida ya kupanda kwa ardhi asiende huko; hapakuwekwa kwa ajili yake.

Lakini kikomo hicho kilikuwa na upande wake mzuri. Mgogoro wa mikopo ya nyumba ulipolipuka mwaka 2008, nyumba zilizopigwa mnada juu ya ardhi hiyo zilikuwa chache mno kulinganisha na mitaa jirani, kwa kuwa chombo kinapitia kila mkopo kabla mwenye nyumba hajautia saini. Leo kuna nyumba zaidi ya 200 juu yake, na gereji ya zamani imekuwa kitalu cha mboga chenye paa.

Mbinu ya kushika ardhi kwa pamoja imejaribiwa karibu pia: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kitongoji cha Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, kiliifuata, kikisaidiwa na mradi wa Wajerumani.

Kwa nyumba za kupangisha Marekani hutumia njia nyingine, nayo ina soko lake. Sheria ya mwaka 1986 inampa mjenzi punguzo la kodi la takriban asilimia 9 ya gharama kwa mwaka, kwa miaka 10. Jengo la dola milioni 1 lina punguzo la 900,000. Shirika lisilo la faida halilipi kodi, hivyo humuuzia mwenye kodi kubwa, benki au kampuni. Kila dola ya punguzo ikinunuliwa kwa senti 85, jengo linapata 765,000 taslimu, na kinachobaki pamoja na bei ya ardhi ndicho kinachokopwa. Mashirika kama LISC, lililoanzishwa mwaka 1979, hukusanya wanunuzi hao. Bei hupanda na kushuka: ilianguka mwaka 2008 na 2009 faida za makampuni zilipotoweka, ikayumba tena kodi ya makampuni iliposhushwa kutoka asilimia 35 hadi 21 kuanzia mwaka 2018.

Mwenye duka la chini ya ghorofa hizo hakuhesabiwa. Punguzo la mwaka 1986 halihusu eneo la biashara, ndiyo maana mitaa mingi ilipata vyumba vizuri huku maduka yakibaki na mbao madirishani. Punguzo la pili, la mwaka 2000, ndilo linalogusa biashara: asilimia 39 ya fedha zilizowekezwa, kwa miaka 7, na mwaka 2025 bunge liliufanya mpango huo kuwa wa kudumu. Hata hivyo mfanyabiashara mdogo hawezi kuliomba mwenyewe. Linapitia kwa wakala aliyeidhinishwa na wizara ya fedha, na yeye hulipata likiwa mkopo au pango, kutegemea wakala huyo anaujua mtaa wake au la.