Kompyuta Mpakato Inapopoteza Kasi: Chanzo Kichunguzwe Kabla ya Kununua Nyingine

Huduma nyingi zinazomgusa mkazi wa kata sasa hupitia kwenye kompyuta. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI; vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huwasilisha maombi ya mikopo ya asilimia 10 kwa njia ya kielektroniki; na wanafunzi wanaojiunga na elimu ya juu hujaza maombi ya mkopo mtandaoni. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika katika duka dogo la steshenari lenye kompyuta mpakato moja, au kwa kompyuta ya katibu wa kikundi. Kompyuta hiyo ikichukua dakika 10 kuwaka, foleni hurefuka. Ikiganda katikati ya fomu siku ya mwisho ya kupokea maombi, kikundi hulazimika kusubiri hadi dirisha lingine lifunguliwe.

Wamiliki wengi huamini kuwa mashine ya namna hiyo imezeeka na haina dawa. Mara nyingi sivyo. Kompyuta hupunguza kasi kwa sababu zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo hutatuliwa bila gharama au kwa gharama iliyo chini sana ya bei ya kompyuta mpya.

Ni kompyuta au ni mtandao?

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mambo mawili yanayofanana machoni. Mtumiaji azime intaneti, kisha afungue barua au jedwali lililohifadhiwa ndani ya kompyuta. Likifunguka upesi, tatizo liko kwenye mtandao au kwenye tovuti yenyewe, ambayo huelemewa watu wanapoingia kwa wingi siku za mwisho. Likichelewa, tatizo liko ndani ya mashine.

Hatua ya pili ni kuiwasha upya. Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalifahamu. Katika kompyuta nyingi zenye Windows, kuzima kwa njia ya kawaida hakufuti kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho yake mashine iwake haraka. Hitilafu ndogo ya jana inaweza kurudi nayo. Anayechagua Restart badala ya Shut down huipa kompyuta mwanzo mpya kabisa, na mara nyingine tatizo huishia hapo.

Mashine yenyewe ionyeshe inapoumia

Kasi isiporejea, mtumiaji abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager, linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu ya RAM na diski kwa asilimia.

Diski ikisomeka karibu na asilimia 100 muda wote ilhali prosesa imetulia, diski ndiyo inayochelewesha kazi. RAM ikiwa juu ya asilimia 90, programu zilizofunguliwa zimezidi uwezo wa mashine. Prosesa ikihangaika wakati hakuna kazi inayofanyika, huenda Windows inapakua masasisho, au ipo programu isiyotakiwa inayojiendesha kwa siri. Uchunguzi huu wa dakika chache humwepusha mwananchi na kulipia tengenezo lisilohusika na tatizo lake.

Vyanzo vya kawaida

Cha kwanza ni programu zinazojiwasha zenyewe. Nyingi huwekwa mara moja kwa kazi fulani, kisha huendelea kuamka kila kompyuta inapowashwa. Ndani ya Task Manager imo orodha yake, na kila isiyohitajika inaweza kuzuiwa bila kuifuta. Programu ya kupambana na virusi isizuiwe.

Cha pili ni diski kujaa. Windows huhitaji nafasi tupu ya kufanyia kazi zake, kama fundi cherehani anavyohitaji meza isiyofunikwa na vitambaa. Video, picha zilizopakuliwa na faili za muda ndizo hujaza diski C. Ziondolewe au zihamishiwe kwenye diski ya nje, na pipa la taka la kompyuta limwagwe.

Cha tatu ni RAM ndogo. Kompyuta yenye GB 4 huelemewa upesi kivinjari kikiwa na kurasa nyingi zilizo wazi, kwa kuwa kila ukurasa hula sehemu yake. Wakati wa kujaza fomu ya mtandaoni, ni busara kuacha wazi ukurasa mmoja tu.

Cha nne ni virusi, na mlango wake mkuu katika maduka ya steshenari ni flashi zinazotoka mkononi kwa mtu hadi kwa mwingine. Dalili moja inafahamika: mafolda yote ndani ya flashi hugeuka njia za mkato, na faili huonekana kama zimepotea, ilhali zimefichwa tu. Windows 10 na 11 zina kinga yake isiyolipiwa. Iachwe ikifanya kazi, na kila flashi ya mteja ipimwe kabla ya kufunguliwa. Programu za kulipia zilizovunjwa kinga ili zitumike bure nazo huwa mara nyingi na virusi ndani yake.

Cha tano ni joto na vumbi. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Vumbi la kiangazi huziba matundu ya feni, na anayeweka kompyuta juu ya godoro au kanga huyaziba zaidi. Feni inayovuma kwa nguvu na mashine inayochoma mapajani ni ishara kuwa inahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi.

Pale fedha inapohitajika

Kompyuta nyingi za zamani hutumia diski yenye sahani zinazozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, ndiko huleta nafuu kubwa kuliko tengenezo lingine lolote. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa yaweza kuwaka chini ya dakika moja. Kuongeza RAM hufuata, iwapo mashine inaruhusu.

Diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugonga, au faili zikigoma kufunguka, lisifanyike lolote kabla ya kunakili taarifa muhimu. Hiyo ni diski inayoelekea kufa, na katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao na hesabu za marejesho vinaweza kufa nayo.

Jambo lingine la kuzingatia ni umri wa Windows. Kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Mashine zenye mfumo huo bado zinafanya kazi, lakini zisizosajiliwa kwa huduma ya ziada hazipokei tena masasisho ya usalama. Zisizokidhi masharti ya Windows 11 zinaweza kuwekewa mfumo usiolipiwa kama Linux Mint, unaotosha kwa kuandika barua na kujaza fomu kupitia kivinjari.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Ndani ya kompyuta ya steshenari au ya kikundi zimo nakala za vitambulisho, namba za simu na nywila za watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hivyo mmiliki anashauriwa kunakili faili zake kwanza, kutoka katika akaunti zote, kuondoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na kukubaliana na fundi kwa maandishi kuhusu kazi na vipuri. Diski ya zamani irudishwe kwa mwenyewe. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchomwa pamoja na taka za nyumbani, kwani yaweza kuwaka moto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya kukagua diski, programu na vumbi kila mwezi, pamoja na nakala ya faili muhimu iliyowekwa nje ya kompyuta, vitatosha kwa mashine nyingi. Ukaguzi huo ufanyike wiki kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa, wakati bado ipo nafasi ya kurekebisha kitakachobainika.