Ethi ya Nyumba ya Wageni

Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda, kwa ngurumo za siku 251 kwa mwaka, wastani wa miaka ya 1967 hadi 1976. Chanzo ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani, na alasiri mawingu hutanda kuanzia Busia hadi miteremko ya Mlima Elgon.

Fundi wa hoteli ndogo ya huku hubadilisha washa za bomba, hurekebisha boya la tangi na kufungua vitasa vilivyokwama. Mgeni huyaona hayo na kushukuru. Mimi, kwa sababu ya ngurumo hizo, humpima fundi kwa kitu ambacho mgeni haoni: ethi.

Ni fimbo ya shaba, au ya chuma iliyovikwa shaba, iliyopigiliwa ardhini zaidi ya mita moja na kuungwa kwa waya na bodi ya umeme. Umeme uliovuja hushukia humo badala ya kupita mwilini mwa mtu. Lakini udongo ndio wenye neno la mwisho. Kiangazi cha Desemba hadi Februari hukauka, na uwezo wa fimbo hupungua sana. Kwa hiyo fundi mwangalifu humwagia maji shimo la ethi, akakaza kibano na kukisugua kutu. Penye mwamba usiopenyeka, hulaza utepe wa shaba mtaroni.

Dishi la televisheni lisiwe na ethi yake peke yake. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti, na umeme huvuka kutoka moja kwenda nyingine kupitia televisheni. Ziungwe kwa waya mnene. Tena plagi zichomolewe mawingu yanapotanda. Radi iliyokata kilomita za hewa haizuiwi na pengo la milimita chache ndani ya swichi.

Vipuri si tatizo: pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya hutumia volti 240 na plagi ya meno matatu bapa.

Shawa ya umeme ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana mtu husimama chini yake akiwa ameloa, bila viatu. Iwekewe breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Breka hiyo ina kitufe cha majaribio. Fundi akibonyeze kila mwezi. Isipokata, chumba hicho kisipewe mgeni.