Ada za kuvizia katika tikiti, na jinsi Marekani ilivyozianika

Na MWANDISHI WETU

UMEPANDA matatu ya Githurai jioni, baada ya utingo kukuhakikishia kwamba nauli ni shilingi 50. Mnapofika Pangani anaanza kukusanya pesa na kudai 80, eti kwa sababu mvua inanyesha. Utafanya nini? Huwezi kushuka gizani kando ya barabara kuu. Abiria wengi hunung'unika kisha wakalipa.

Huko Marekani, wauzaji wa tikiti za muziki na michezo waliutumia ujanja wa namna hiyo kwa miaka mingi, tena bila kelele za utingo. Mnunuzi alionyeshwa kwenye tarakilishi kwamba kiti ni dola 50. Akakichagua, akaandika jina, anwani na nambari ya kadi yake ya benki, huku saa ikihesabu dakika pembeni kumhimiza aharakishe. Ni kwenye ukurasa wa mwisho tu ambapo ada ya huduma, ada ya ukumbi na ada ya kushughulikia oda zilijitokeza zikiwa zimefuatana. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wanakwenda.

Ada zenyewe hazikuwa za mchezo. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia bunge la nchi hiyo, GAO, ilipata kwamba zilikuwa wastani wa asilimia 27 ya bei ya tikiti iliyouzwa mara ya kwanza. Kwa tikiti zinazouzwa tena na watu waliozinunua mapema, wastani ulikuwa asilimia 31. Yaani ile ya dola 50 ilikaribia 64.

Machi 2023 mambo yalifika kileleni. Bendi ya The Cure ya Uingereza ilikuwa imeshikilia kwamba tikiti za bei ya chini katika ziara yake ya Marekani ziuzwe kwa dola 20 tu, ili mashabiki wasio na pesa nyingi waweze kuingia. Baadhi yao wakakuta ada zimezidi bei ya tikiti yenyewe! Mwimbaji wa bendi hiyo, Robert Smith, aliwaka hadharani, na kampuni ya Ticketmaster ikakubali kuwarudishia walionunua tikiti hizo dola 10, na wenye tikiti za bei ya juu dola 5.

Lakini kwa nini muuzaji asiseme tu tangu mwanzo kwamba kiti ni dola 64? Jibu linapatikana katika jaribio moja ambalo kila mzazi mwenye bajeti anapaswa kulifahamu. Mwaka 2014 kampuni ya StubHub, ambayo watu huitumia kuuziana tikiti, iliamua kuonyesha bei kamili mara moja. Mwaka uliofuata ikawagawa wateja wake makundi mawili. Nusu waliendelea kuona bei kamili, na nusu wakafichwa ada hadi mwisho. Wataalamu wa uchumi waliochambua matokeo walipata kwamba waliofichwa walitumia pesa zaidi kwa kadiri ya asilimia 21. Pia walikuwa wepesi zaidi kukamilisha ununuzi, na walichagua viti vya bei ghali. StubHub ikarudi kwenye mtindo wa kuficha. Ungekuwa wewe mwenye kampuni, ungefanya nini wakati washindani wako wote wanaficha?

Hapo ndipo sheria ilipohitajika, kwa kuwa mfanyabiashara mwaminifu alionekana ghali kwa sababu tu ya kusema kweli. Jimbo la New York lilitangulia. Tangu Agosti 2022, bei kamili lazima ionekane kabla mnunuzi hajachagua tikiti, na hairuhusiwi kupanda njiani. California ikafuata Julai 2024. Kisha Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatoa kanuni ya nchi nzima iliyoanza kutumika Mei 12, 2025, inayohusu tikiti za burudani na vyumba vya wageni. Mahali popote bei inapotajwa, jumla yenye ada zote za lazima ndiyo iandikwe wazi zaidi. Kodi ya serikali yaweza kuongezwa baadaye, mradi mteja aelezwe kabla ya kulipa.

Msomaji asije akadhani kwamba kanuni hiyo inashusha bei. Haiwekei ada kikomo chochote. Anayetaka kutoza dola 30 za huduma aweza kufanya hivyo, ila sharti zionekane mapema, wakati baba wa watoto wanne bado anaweza kusema, "Hapana, twende bustani."

Na hapa Kenya je? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inampa mteja haki ya kufahamishwa ada zote, ziitwe kwa jina lolote lile, kabla ya kutozwa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ilizitaka benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya kutuma pesa kabla hajakamilisha shughuli.

Desemba mwaka jana niliwanunulia watoto watatu tikiti za sherehe moja ya familia hapa jijini. Bango lilisema shilingi 1,000 kila mmoja. Nilipofikia hatua ya kulipa kwa simu, jumla ilikuwa 3,240, yaani shilingi 80 za "huduma" kwa kila mtoto. Kitinda mimba alikuwa amesimama mlangoni, viatu tayari miguuni. Nililipa. Siku ya pili nilimpigia mwandalizi kumuuliza huduma hiyo ilikuwa gani. Alicheka, akaniambia kila mtu hutoza.