Senene Wanaovuka Bahari

Mwezi Novemba 2021, ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikitoka Entebbe kwenda Dubai, abiria mmoja alisimama katikati ya viti na mfuko wa plastiki uliojaa senene, akawa anawapimia wenzake na kupokea hela. Video ikasambaa Afrika Mashariki nzima. Kampuni ya ndege ililaani kitendo kile, serikali ikaingia kati, kisha kampuni hiyohiyo ikasema inafikiria kuwaandalia abiria wake senene kama chakula cha safarini. Wengi walicheka, wakapita. Lakini tukio lile lina swali linalostahili kujibiwa kwa makini: nani ananunua wadudu wa kukaanga akiwa angani, anaelekea kwenye mji ambao hauna uhaba wa chakula cha taifa lolote? Ananunua yule anayejua kwamba akishashuka, hata awe na fedha namna gani, hatawaona tena mpaka mtu mwingine atoke kwao. Mahangaiko hayo ya kutafuta kitu ambacho wenyeji wa ugenini wanakiona cha ajabu hayatokani na uroho, na si kumbukumbu za utotoni tu. Ni mila iliyo hai, na pengine ndiyo inayodumu kuliko nyingine zote pale ambapo lugha, mavazi na hata ibada za ukoo zimeshaanza kufifia.

Tumezoea kudhani kwamba mtu akiishi ughaibuni hukumbuka zaidi chakula kikuu cha kwao. Ukitazama maisha ya watu wetu huko, mambo hayako hivyo. Unga mweupe wa mahindi unapatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia kwenye miji mingi mikubwa ya Ulaya na Marekani. Ndizi mbichi zipo, hata kama zimetoka Amerika ya Kusini na hazilainiki mdomoni kama zile za Kagera. Mchele, maharage na nazi havina shida. Kwa hiyo chakula cha kushibisha tumbo hakimsumbui mtu muda mrefu. Wiki chache za kuulizia na ameshajua duka lake. Kinachomsumbua ni kile kidogo, cha pembeni, ambacho nyumbani hakikuwa mlo bali kitafunwa, zawadi au heshima ya msimu. Mkalenjini anatafuta mursik, maziwa ya mgando yaliyokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, yaleyale wanayonyweshwa wanariadha wa Kenya wanapotua na medali. Mkongomani aliyeko Brussels huenda mtaa wa Matonge kutafuta sombe (kisamvu), samaki wa chumvi na viwavi wakavu. Mhaya wa Kagera, Tanzania, anatafuta senene.

Nawachukua senene kama kielelezo kikuu kwa sababu kwao kila kitu kinaonekana wazi. Hawa si nzige, ingawa wageni huwaita hivyo. Ni jamaa wa panzi wenye kichwa kilichochongoka, wanaoruka usiku kwa makundi kufuata mvua. Msimu wao mkubwa Kagera na Uganda ni Novemba na Desemba, na katika baadhi ya miaka wengine hutokea tena kuanzia Machi hadi Mei. Siku hizi hunaswa kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, lakini zamani watu waliwaokota nyasini alfajiri, kabla jua halijakausha umande na kuwapa nguvu ya kuruka. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo. Kila senene ananyonyolewa mabawa, miguu na papasi, mmoja baada ya mwingine, na beseni moja linaweza kuwaweka watu kitako asubuhi nzima. Wakishaoshwa huwekwa kwenye chungu au kikaango na chumvi, bila mafuta, kwa sababu mafuta wanayo wenyewe: senene mkavu anaweza kuwa na mafuta yanayofikia karibu nusu ya uzito wake. Moto ukiwa wa wastani, maji yanakauka kwanza, halafu yale mafuta yanaanza kutoka, senene wa kijani wanageuka rangi ya dhahabu, mlio wa kikaango unabadilika, na hapo ndipo kitunguu kinaongezwa. Anayewakaanga hasogei jikoni, maana dakika chache tu zinatosha kuwaunguza.

Kuzunguka kazi hiyo kuna mila nzito. Kwa desturi ya zamani, kwa Wahaya na kwa majirani zao wa Buganda, wanawake na watoto ndio waliookota na kuwaandaa senene, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuwala. Uganda ilisemekana kwamba mwanamke akiwala atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama chao. Mume naye alikuwa na deni: mke aliyemletea senene alistahili kununuliwa vazi jipya. Baganda wana hata ukoo mzima unaoitwa kwa jina la mdudu huyo, na wenye ukoo huo hawamli. Mwiko wa wanawake umekufa, na umekufa kwa haki. Leo wanawake wanawauza sokoni na kuwala kama watu wengine. Kilichobaki ni lile deni. Senene hawaliwi na mtu mmoja mmoja. Aliyepata hugawa, na aliyegawiwa hukumbuka. Kahawa ya kutafuna ya Wahaya ina mila ya namna hiyohiyo: buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikaanikwa mpaka zikauke, na mgeni hupewa chache mkononi kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Zamani watu wawili waliofanya undugu wa kuchanjana walitafuna mbegu mbili za buni moja.

Sasa mpeleke mdudu huyu mbali na mji wa Bukoba kule Kagera. Msimu unapofika, mzigo unatoka Kagera kwa meli ya Ziwa Victoria au kwa basi, unafika Mwanza, unafika Dar es Salaam, na tayari umepita mikononi mwa watu kadhaa ambao kila mmoja ameonja kidogo kwa ruhusa. Ili wavuke bahari ni lazima wakaushwe sana, maana yale mafuta yanayowafanya watamu ndiyo pia yanayochacha haraka. Atatafutwa anayesafiri, ataombwa nafasi kwenye begi, naye atakubali kwa sababu na yeye mwakani atakuwa na ombi lake. Mzigo ukifika Helsinki au Toronto, simu zinapigwa. Watu ambao hawajaonana tangu msiba au harusi ya mwisho wanakutana sebuleni kwa mtu, na bakuli dogo linazungushwa. Hakuna chakula cha dukani kinachoweza kuwakusanya watu kwa njia hiyo, kwa kuwa cha dukani hakimdai mtu shukrani kwa mtu mwingine. Wale waliokula senene wale wanajua nani aliwaokota, nani aliwanyonyoa, nani aliwabeba na nani atabeba safari ijayo. Huo ni ukoo unaofanya kazi yake, hata kama nusu ya waliokaa pale hawawezi tena kusalimia kwa Kihaya ipasavyo.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Wa kwanza wanasema haya ni maigizo: mtu yuleyule aliyekuwa akiona haya kula senene mbele ya wageni pale Dar es Salaam, akifika Ulaya anakuwa Mhaya kuliko Wahaya. Ni kweli hutokea. Lakini sioni kwa nini tuite unafiki. Nyumbani mila inabebwa na watu wengi, na mmoja akikaa pembeni hakuna pengo. Ughaibuni waliopo ni wachache, na kila mmoja anajua kwamba akiacha yeye, watoto wake hawana pengine pa kuiona. Mtu kuanza kuthamini kitu baada ya kukikosa ni jambo la kawaida kwa binadamu, na mila nyingi zimeokolewa na watu waliochelewa kuzipenda. Wa pili wanasema mgeni afuate ya wenyeji, ale wanachokula wenyeji, vinginevyo atabaki mgeni daima. Hawa wanachanganya mambo mawili. Anayekula senene mara moja kwa mwaka anakula mkate, viazi na jibini siku zote nyingine. Hajajitenga na mtu. Isitoshe, mwenye kitu cha kumkaribishia jirani ana namna ya kuanza ujirani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: sheria na afya. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama au maziwa kwenye begi lake, hata kama ni kwa matumizi yake, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo. Samaki waliotolewa matumbo au kukaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20. Tangu Desemba 2019, matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Yaani ndizi ya Kagera inapita, lakini jani la mgomba la kuivukia halipiti bila cheti. Wako wanaoona masharti haya kama dharau. Mimi siyaoni hivyo. Nchi yetu nayo inalinda mifugo na mashamba yake. Tena si kila kitu cha nyumbani ni salama: udongo wanaokula wajawazito umekutwa na madini ya risasi, na mamlaka ya chakula ya Uingereza imewahi kuwaonya watu juu ya udongo wa aina hiyo unaouzwa huko. Mila haimkingi mtoto aliye tumboni dhidi ya risasi. Kitu kikidhihirika kuwa na madhara kiachwe, kama ulivyoachwa mwiko wa wanawake, na mila haitakufa kwa hilo.

Senene, hata hivyo, hawako kwenye kundi hilo, na hapa ndipo tunapojikosesha wenyewe. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyohesabu zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani, na kuwahimiza watu wawachukulie kama chakula halisi. Kati ya 2021 na 2023 Umoja wa Ulaya ukaidhinisha wadudu wanne: mabuu ya aina mbili za mbawakawa, nzige na nyenje. Senene hawamo. Wanaouza waliopitishwa mara nyingi huwasaga unga na kuwaficha ndani ya biskuti ili mlaji asiwaone, ilhali senene huliwa mzima, anatazamwa na kusifiwa rangi yake. Walakini mlango upo. Sheria ya Ulaya ya vyakula vipya, inayotumika tangu Januari 2018, ina njia fupi kwa vyakula vya asili vya nchi za nje: waombaji waonyeshe kwamba chakula hicho kimeliwa kwa usalama na watu wengi kwa angalau miaka 25, na isipotolewa pingamizi ya kiusalama katika miezi minne, kinaruhusiwa kuuzwa. Fonio, nafaka ya Afrika Magharibi, ilipita njia hiyo mwaka 2018.

Najua nitakachoulizwa: kama senene watapatikana dukani, si ule ukoo wa begi na shukrani utakufa? Jibu liko Bukoba kwenyewe. Pale senene wanauzwa sokoni miaka na miaka, na bado watu wanapeana. Wananunua ili wagawe. Kinachoidhoofisha mila ni kujificha. Mtu anayewatoa senene kwenye begi kwa hofu, akawala usiku mapazia yakiwa yamefungwa, hawezi kumfundisha mtoto kwamba hicho ni kitu cha fahari. Wasiwasi ninaoukubali ni mwingine: wavunaji wa Uganda wamekuwa wakilalamika kwamba makundi ya senene yanapungua, na soko la nje linaweza kupandisha bei mpaka mtoto wa Kagera akose. Kwa hiyo biashara hiyo isitegemee wa porini peke yao. Pale Bondo, nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kinachosomea wadudu kama chakula na malisho, na utaalamu wa ufugaji unaanzia mahali kama pale.

Ombi langu ni kwa watu watatu. Wewe unayesafiri, tangaza mzigo wako forodhani na uulize mapema kinachoruhusiwa, kinachokataliwa kiache. Wewe unayepokea, waite watoto kwenye bakuli, uwaambie jina la bibi aliyewanyonyoa senene hao. Na nyinyi wafanyabiashara wa Kagera, pamoja na Shirika la Viwango Tanzania na balozi zetu, andaeni maombi hayo ya Ulaya kabla mtu mwingine hajayaandika kwa jina lake. Sheria inadai ushahidi wa miaka 25. Wazee wa Kagera wanao wa miaka mingi kuliko hiyo.