Sufuria ya Kibandani na Jiko la Nyumbani Wakati wa Kafyu

Tarehe 22 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mikahawa isiwakalishe tena wateja mezani, bali iuze chakula cha kubeba tu. Siku tano baadaye ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, ambayo wananchi waliiita kafyu, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa katikati ya mwezi huohuo, na kuanzia tarehe 6 Aprili hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake, mpaka tarehe 7 Julai. Hali hiyo ilirudi kwa muda mfupi zaidi mwishoni mwa Machi 2021, ilipofungwa Nairobi pamoja na Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na mikahawa ya huko ikarudishwa kwenye biashara ya chakula cha kubeba. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Mengi yameandikwa juu ya ugonjwa uliosababisha hayo yote. Makala haya yanahusu jambo dogo lililotendeka jikoni. Katika miezi ile familia nyingi za mjini zilikula chakula cha namna mbili kwa pamoja: sehemu imenunuliwa ikiwa imepikwa, sehemu imepikwa nyumbani. Maharagwe yaliyochemshwa kibandani yaliletwa nyumbani yakakaangwa kwa kitunguu na nyanya. Chapati za kununua ziliwekwa kando ya ndengu za nyumbani. Githeri ilinunuliwa kwa bakuli, ikaongezewa mboga. Desturi hiyo haikuzaliwa na kafyu, lakini watoto waliposhinda nyumbani mchana kutwa na mapato yalipopungua, ilienea hata kwa wale ambao hapo awali waliidharau. Wapo wenzangu wenye elimu waliosema kuwa ni uvivu. Mimi naona kuwa ni mgawanyo mzuri wa kazi ya moto, mradi mpishi ajue ni kipi cha kununua na ni kipi cha kupika mwenyewe, na azingatie saa.

Tuanze na moto. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko pwani, na kwa sababu hiyo maji hutokota yakifikia nyuzi 94 hivi za Sentigredi badala ya nyuzi 100. Mpishi akiongeza kuni au makaa chini ya sufuria iliyokwisha kutokota, hali ya joto ya maji haipandi hata kidogo. Kinachoongezeka ni mvuke. Ndiyo maana maharagwe makavu yanayoiva upesi Mombasa huchukua muda mrefu zaidi Nairobi, na muda huo ni wa gharama. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 94 kunahitaji kilojuli 311 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kunahitaji kilojuli zipatazo 2,260, yaani zaidi ya mara 7. Joto hilo la pili, ambalo wanafizikia huliita joto fiche, halimpikii mtu chochote, hupotelea darini. Mpishi wa maharagwe anayeongeza maji kila mara kwa muda wa saa mbili au tatu, sufuria ikiwa wazi, ananunua mafuta kwa ajili ya kutengeneza mvuke.

Sasa mtazame mama wa kibandani. Sufuria yake, tuseme, ina upana na kina mara mbili ya sufuria yako. Ujazo wake basi ni mara 8, lakini eneo linalopoteza joto ni mara 4 tu. Kwa kila kilo ya maharagwe, sufuria kubwa hupoteza nusu ya joto linalopotezwa na ndogo. Huo si ustadi wake, ni jiometri tu. Lakini ustadi nao upo, kwa kuwa yeye huloweka maharagwe usiku kucha, hufunika, na hujua kupunguza moto baada ya sufuria kuanza kutokota. Nyumba ishirini zikinunua kwake, mioto ishirini ya saa tatu inakuwa mmoja. Katika chumba kimoja ambamo watu watano wamefungiwa pamoja na jiko la makaa au la mafuta ya taa, saa tatu za moshi zilizoepukwa ni faida kwa mapafu pia.

Maharagwe yana sababu nyingine ya kutokotwa kwa muda mrefu. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana lektini, protini ambayo ikiliwa bila kuvunjwa na joto huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Punje nne au tano mbichi zatosha kumsumbua mtu. Kutokota kwa nguvu huivunja, na nusu saa ya kutokota yatosha kuwa na uhakika. Bali moto mdogo usiofikisha mtokoto hauivunji, na majaribio yameonyesha kwamba joto la nyuzi 80 laweza hata kuiongezea makali. Kwa hiyo anayetaka kubana mafuta kwa kuyaacha maharagwe makavu juu ya makaa yanayofifia anajiletea madhara. Haragwe la kununua libinywe kwa vidole: likiwa bado gumu katikati, lirudishwe motoni.

Hayo ndiyo mema ya sufuria ya kibandani. Ubaya wake uko katika saa, na hapo kafyu ilibadilisha mambo kuliko wengi walivyotambua. Muuzaji hakuweza kutoka kwake kabla ya saa 11 alfajiri, na ilimpasa awe amerudi saa 1 jioni. Maharagwe yaliiva kabla ya adhuhuri. Mnunuzi naye aliharakisha, akanunua saa 9 au saa 10 alasiri akakimbilia nyumbani, kisha chakula kikaliwa saa 2 usiku. Kabla ya kafyu mtu alinunua saa 1 jioni akala saa 1 na nusu. Kwa hiyo chakula kilekile, cha muuzaji yuleyule, kilikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuliwa.

Katika majuma yale ya mwanzo watu waliogopa kwamba virusi vya korona vingeingia kwa njia ya chakula chenyewe. Ushahidi wa jambo hilo haukupatikana. Hatari kubwa ilikuwa katika hewa iliyovutwa kwenye foleni mbele ya kibanda, si katika sufuria. Ndani ya sufuria walikuwamo maadui wa zamani.

Mmojawapo ni bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hupatikana udongoni na hivyo huwamo katika nafaka nyingi, hasa mchele. Anapobanwa na hali ngumu hujifunga ndani ya gamba liitwalo spora, na spora hiyo hustahimili kutokota. Wali ukipoa taratibu mezani, spora huamka na bakteria huanza kugawanyika. Tukichukua kwamba hugawanyika mara moja kila dakika 20, bakteria mmoja wa saa 9 alasiri atakuwa amefikia 32,768 ifikapo saa 2 usiku. Na akiachwa saa mbili zaidi, hesabu yapita milioni mbili. Lakini lililo baya zaidi ni kwamba baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na moto wa jikoni kwa namna yoyote. Waweza kuupasha wali ule mpaka uungue, bakteria wote wakafa, na sumu ikabaki. Mlaji hutapika katika muda wa kama nusu saa hadi saa sita.

Mwingine, Clostridium perfringens, hupenda mchuzi mzito wa nyama na maharagwe yaliyoachwa katika sufuria kubwa yapoe polepole. Yeye hugawanyika upesi zaidi, hata kila dakika 10 joto likimfaa. Huyu ana afadhali moja: anaweza kuuawa kwa kupasha chakula vizuri kabla ya kula, kwa sababu ugonjwa wake hutokana na bakteria hai wanaomezwa kwa wingi.

Kutokana na tofauti hii mpishi aweza kupata kanuni ya ununuzi. Wali haufai kununuliwa mapema, na hakuna haja ya kuununua, maana mchele huiva nyumbani kwa dakika ishirini na kitu. Ugali ni vivyo hivyo. Maharagwe, githeri, njahi na mchuzi vyafaa kununuliwa, kwa masharti kwamba vitatokotwa upya. Chapati na mandazi, ambavyo ni vikavu, huvumilia mpaka jioni vikifunikwa kwa kitambaa safi. Chipsi hazina hatari kubwa ya vijidudu zikitoka mafutani. Ila kachumbari inayofungwa pamoja nazo ni heri uikate mwenyewe nyumbani, baada ya kuosha nyanya na mikono, kwa kuwa kitu kibichi hakina moto wa kukitetea.

Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kwamba kikipashwa kifike angalau nyuzi 70 katikati. Vitabu nilivyosomea ng'ambo nilipokuwa nikiandaa shahada ya udaktari viliongeza agizo la tatu kwa wepesi kabisa: weka kilichobaki kwenye jokofu. Waandishi wake hawakuwahi kufikiri kwamba nyumba inaweza kukosa jokofu. Katika nyumba nyingi za Nairobi jokofu halipo, au lipo na umeme haupo. Kwa mtu wa namna hiyo kuna njia mbili tu zenye mantiki: kununua kiasi cha mlo mmoja, au kukiweka chakula kikiwa moto kwelikweli.

Kuweka moto si jambo la ajabu. Juu ya nyuzi 60 bakteria hawa hawaongezeki. Chukua maharagwe uliyonunua alasiri, yachemshe papo hapo ufikapo nyumbani, kisha sufuria ifunikwe na kufungwa ndani ya kapu lililojazwa mabaki ya nguo, blanketi kuukuu au majani makavu. Kapu halitoi joto; linalizuia tu lisitoke. Sufuria iliyojaa, isiyofunuliwafunuliwa, hukaa katika joto la usalama kwa saa kadhaa. Sufuria iliyo robo tu hupoa upesi, kwa sababu ileile ya jiometri niliyoitaja. Hotipoti ya dukani hufanya kazi hiyohiyo, ikiwa imesuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Kinachoharibu mambo ni kutia humo chakula cha vuguvugu. Hapo hotipoti inageuka kuwa kitamizi kizuri mno cha bakteria.

Kuhusu kupasha, lugha yetu ina maneno mawili ambayo hapa hayana budi kutofautishwa, kupasha na kutokosa. Maharagwe yaliyogandamana ni mazito, na joto hupenya ndani yake taratibu. Chini yanaunguruma, mpishi anaona mapovu akaridhika, kumbe juu bado ni ya vuguvugu. Ongeza kikombe cha maji, koroga mpaka chini, acha yote yatokote kwa dakika chache. Sehemu hiyo ya kazi haigharimu makaa mengi, na ndiyo inayookoa.

Wakati maharagwe yanatokota, kitunguu kimekwisha kukaangwa, na hapo mpishi wa nyumbani anafikia kazi ambayo kibanda hakiwezi kumfanyia vyema. Vitamini C huharibiwa na joto, na pia huyeyuka katika maji. Sukuma wiki iliyokatwa asubuhi na mama mboga, ikaoshwa baada ya kukatwa, kisha ikachemshwa na maji yakamwagwa, imebakiwa na rangi zaidi kuliko vitamini. Nunua majani mazima, yaoshe yakiwa mazima, yakate wakati mafuta yamekwisha kupata moto, yaive kwa dakika tano. Mafuta yenyewe yana kazi: bila mafuta kidogo mwili hushindwa kuchukua karotini, ambayo ndiyo asili ya vitamini A.

Mboga hiyo inayapa maharagwe faida ambayo hayana yakiwa peke yake. Maharagwe yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiwapo katika mlo huohuo huingia kwa wingi zaidi. Nayo mahindi yamepungukiwa na asidi ya amino iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo tele, hali maharagwe yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Bakuli la githeri ya kununua, likakaangwa na nyanya na kuliwa na sukuma wiki ya papo hapo, ni mlo ambao mtaalamu wa lishe hawezi kuulaumu, hasa kwa mtoto aliyekuwa akipata chakula cha mchana shuleni na ambaye, kuanzia Machi 2020 mpaka shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, alikuwa akingoja sahani ya mama yake.

Limebaki suala la chombo. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, na wanunuzi wengi huja kibandani na bakuli au sufuria yao. Ni desturi njema, mradi chombo kiwe kimeoshwa na kukaushwa, na kiwe na mfuniko wake, na chakula kitolewe katika sufuria iliyo juu ya moto, si katika beseni lililowekwa kando tangu adhuhuri. Mteja ana haki ya kuomba hivyo. Muuzaji mwenye akili hachukii, kwa kuwa anajua kuwa mteja aliyeugua harudi.

Na chai ya rangi, ambayo wengi wetu huinywa pamoja na mlo, ina tanini zinazokishika chuma kilekile tulichokitafuta. Ingojewe kwa saa moja baada ya kula.