Tembo wa Uele walifundishwa kwa wimbo. Na kijana wa mine je?

Huku Mutshatsha, farasi tunamujua kwa picha tu. Kati ya Kolwezi na Dilolo utaona baiskeli, moto, treni ikipita, lakini farasi hapana. Sababu moja kubwa ni nzi ya tsetse. Nzi ile inamuletea mutu ugonjwa wa usingizi, na farasi inamuletea nagana, ugonjwa wa kumukondesha mpaka kufa.

Lakini kazi ya kufundisha farasi kijana iko na somo kwa siye watu wa sendika. Na Kongo yetu ilikwisha kufanya kazi ya namna hiyo, tena na nyama mukubwa kupita farasi.

Kwanza farasi. Kule wanakomufuga, mufundishaji mwenye akili haruki mugongoni siku ya kwanza. Anamuzoeza mukono: shingo, mabega, miguu. Anamuvalisha kamba ya kichwa, anamufundisha kutembea na kusimama. Kiisha anamuonesha tandiko, anamuacha alinuse, analiweka mugongoni bila kulikaza. Kesho anakaza kidogo. Mutu anapanda mwisho kabisa, kwa dakika chache, farasi akiwa na miaka 3 ao 4, juu mifupa yake ingali inakomaa. Kanuni njo hii: unavuta kamba kidogo, na farasi akijibu, unalegeza mara moja. Kule kulegeza njo mushahara wake. Ukiendelea kuvuta hata kama amekusikia, anajifunza kwamba kutii hakuleti faida.

Kituo cha Gangala na Bodio

Mufano wetu sisi uko kaskazini, Uele. Karibu mwaka 1900, kwa amri ya mufalme Léopold II, ofisa Laplume alianza kule Api kukamata tembo vijana ili wafundishwe kazi. Baadaye kituo kilihamia Gangala na Bodio, kando ya mto Dungu, pale ambapo leo ni eneo la Garamba, parke iliyoundwa mwaka 1938.

Walioijua kazi ile ni makornaki, wengi wao Wazande. Tembo mugeni alifungwa karibu na tembo wazee waliokwisha kuzoea, waliokuwa kama moniteri wake. Makornaki walimuimbia, walimupapasa na matawi ya majani, walimupa chakula kitamu mukononi. Miezi ilipita hivyo. Kiisha tembo alivuta gari, alilima shamba. Alitumika asubuhi, jua likiwa kali anapumzika, na mutoni anaogeshwa.

Tusipambe habari. Upole ule ulikuja nyuma ya jeuri. Mwanzoni walikuwa wakiua mama ili kupata mutoto, na tembo wengi walikufa kisha kukamatwa. Hata hivyo, makornaki walionesha jambo moja: tembo hauwezi kumushinda nguvu. Ukitaka atumike, lazima akuamini.

Na watu je?

Katika miaka ileile, mutu mweusi alitumikishwa na fimbo ya ngozi ya kiboko, na fimbo ile ilidumu mpaka miaka ya 1950. Tembo alikuwa na saa yake ya kupumzika. Mutu alihesabiwa viboko.

Huku Katanga, Union Minière iliona kwamba watumikaji wanakufa na wanatoroka. Kuanzia 1928 ikabadilisha siasa: mikataba ya miaka 3, nyumba, posho, bibi na watoto kambini. Hali ya maisha ilipata nafuu kweli. Lakini mwezi wa 12, mwaka 1941, watumikaji wa Élisabethville walipogoma kwa ajili ya mushahara, waaskari waliwapiga risasi. Pale tunaona mupaka wa upole unaotoka kwa mukubwa peke yake: anautoa akitaka, anaurudisha akitaka. Farasi na tembo hawana namna ingine. Mutu anayo: mukataba, sheria na sendika.

Kijana anayeenda Kolwezi

Kila mwaka vijana wa Mutshatsha wanashuka Kolwezi kutafuta kazi ya mine. Wengine wanaingia kwa sutretansi, wanapewa kasiki na buti, na siku hiyohiyo wanatupwa mbele ya mashine ambayo hawajaigusa. Akiuliza, kapita anamupigia kelele. Basi anajifunza kunyamaza. Na ku mine, mutu anayenyamaza akiona jiwe limepasuka juu ya kichwa njo anayekufa, tena pamoja na wenzake.

Kwa hiyo siye tunaomba mambo 3. Mugeni atembee na muzee wa kazi, kama tembo na moniteri wake. Afundishwe jambo moja, alishike, kiisha jingine. Na akisema "simameni, hapa kuna hatari", kazi isimame, na asifukuzwe juu ya neno hilo.

Na wewe kijana, jua haki yako. Kodi ya kazi, sheria nº 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka mupaka wa esai: mwezi 1 kwa manèvre asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Wakikuambia mwaka wa pili kwamba ungali ku esai, usijibu peke yako. Leta karatasi yako kwa delege wa sendika, tuisome pamoja.